Misumari Isiyozama, Mbao Zinazolia: Utatuzi wa Matatizo ya Kupiga Sakafu za Mbao kwa Mashine za Hewa, Arusha na Moshi

Malalamiko ya mafundi na wenye nyumba wa Arusha na Moshi kuhusu sakafu za mbao zilizopigwa kwa mashine ya hewa yanajirudia: msumari umebaki juu, ulimi wa ubao (ukingo mwembamba unaochomekwa kwenye mfereji wa ubao wa jirani) umepasuka, mashine imepiga hewa tupu, kompresa imegoma kuwaka, sakafu imeanza kulia miezi michache baada ya nyumba kukabidhiwa. Linalojirudia pia ni kwamba mashine ndiyo hufunguliwa kwanza, ilhali mara nyingi haina kosa lolote. Chanzo huwa ni ubao wenye unyevu usiofaa, au kile kilicho chini ya ubao, au hewa isiyofika kwa nguvu inayotakiwa. Kwa sababu hiyo, kila dalili hapa chini inafuatiliwa kuanzia sababu inayotokea zaidi hadi ile ya nadra, na kuifungua mashine kunakuja mwisho.

Maelezo haya yanahusu mashine za sakafu zinazogongwa kwa nyundo na kuendeshwa na kompresa, zinazotumia misumari ya umbo la L au T ya geji 16 au 18, au pini za miguu miwili za geji 15.5 (geji ni kipimo cha unene: namba ikiwa kubwa, msumari ni mwembamba zaidi), kwenye mbao za ulimi na mfereji zenye unene wa milimita 19 hivi. Nyingi kati ya mashine hizo hufanya kazi kwa presha ya psi 70 hadi 110, yaani bar 4.8 hadi 7.6. Pale kitabu cha mashine yako kinaposema tofauti na yaliyoandikwa hapa, fuata kitabu.

Kabla ya ukaguzi wowote

Chomoa mpira wa hewa kutoka kwenye mashine kila unapotaka kutoa msumari uliokwama, kubadilisha kiatu cha chini au kuchungulia pua ya mashine, yaani mdomo unaotoa msumari. Kufunga valvu ya kompresa hakutoshi, kwa kuwa hewa iliyobaki ndani ya mpira inaweza kurusha msumari mmoja zaidi, na huo mmoja unatosha kuharibu kiganja. Vaa miwani ya kazi na viziba masikio, na uhakikishe msaidizi anayekupangia mbao amevaa pia.

Onyo la pili linahusu zaidi maeneo ya ujenzi ambako mchomeleaji wa mageti yupo jirani. Usiunganishe mashine ya misumari kwenye mtungi wa oksijeni, wala wa gesi nyingine yoyote, hata kama kompresa imeharibika na mteja anasubiri. Oksijeni ikikutana na mafuta yaliyo ndani ya mashine inalipuka. Tumia hewa ya kompresa peke yake.

Dalili ya kwanza: kichwa cha msumari kinabaki juu ya ulimi

Hili ndilo tatizo linaloripotiwa kuliko yote, na namna linavyotokea hueleza chanzo chake. Ikiwa misumari ya mwanzo inazama vizuri na inayofuata inaanza kubaki juu, kisha mambo yanatengemaa baada ya kupumzika kidogo, hewa ndiyo haitoshi. Ikiwa yote inabaki juu kwa kiasi kilekile, kosa liko kwenye presha iliyowekwa, urefu wa msumari au ugumu wa mbao. Ikiwa mmoja unazama na mwingine hauzami bila mpangilio, angalia mkao wa mashine na vumbi lililo chini ya kiatu chake.

Anza na hewa. Soma mita ya presha wakati mashine inapiga, si wakati imetulia, kwa sababu mita inayoonyesha psi 90 kompresa ikiwa kimya inaweza kushuka hadi 60 mafundi wawili wakipiga kwa kupokezana. Tazama mpira: mwembamba na mrefu hupunguza nguvu njiani, hivyo kwa umbali wa mita 15 mpira wenye tundu la milimita 10 hivi unafaa kuliko ule mwembamba wa kupulizia matairi. Kumbuka pia kwamba Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani. Kompresa ileile iliyotosheleza kazi Tanga itachukua muda mrefu zaidi kujaza tangi lake Njiro au Sakina, Arusha. Presha inayofika kwenye mashine ni ileile ukiirekebisha kwa valvu. Kinachopungua ni kasi ya kujazia hewa iliyotumika. Ongeza psi 5 kwa wakati, jaribu kwenye kipande cha taka, na usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye mashine.

Sababu ya pili hupuuzwa sana, nayo ni msumari mrefu kupita sakafu iliyo chini. Msumari wa milimita 50 unaoingia kwa nyuzi 45 unashuka wima kwa takriban milimita 35. Ondoa milimita 10 za ubao zilizo chini ya ulimi, na zinabaki 25 za kuingia kwenye plaiwudi. Ikiwa plaiwudi ni ya milimita 18 na imelazwa moja kwa moja juu ya zege, kama inavyofanyika katika nyumba nyingi za huku, ncha ya msumari inagonga zege na kichwa hakiwezi kuzama hata ukiongeza presha kiasi gani. Ung'oe msumari mmoja kwa koleo na uutazame: ncha iliyopinda au kubutuka, yenye unga wa kijivu, inamaliza ubishi. Dawa yake ni msumari wa milimita 38, ambao kwa hesabu hiyohiyo unaingia milimita 17 ndani ya plaiwudi na kuishia hapo. Tena, msumari unaotoboa plaiwudi unatoboa na nailoni ya kuzuia unyevu iliyo chini yake, na madhara yake huonekana masika.

Sababu ya tatu ni ugumu wa mbao. Mninga hupokea msumari wa geji 16 bila shida. Mkongo ni mzito zaidi, na loliondo ni mgumu kiasi kwamba msumari mnene hubaki nje au hupasua ulimi. Kwa mbao hizo tumia geji 18 yenye mashine yake, kwani mashine iliyotengenezwa kwa geji 16 haifai kutiwa misumari ya geji 18.

Ukishathibitisha hewa, urefu na aina ya mbao, ndipo ushuku mashine yenyewe: oringi (vipete vya mpira vinavyozuia hewa kuvuja) zilizokauka au kuchanika, na chuma cha kusukuma msumari kilicholika ncha. Tia matone matatu hadi matano ya mafuta ya mashine za hewa kwenye tundu la kuingizia hewa, piga mara chache kwenye mbao ya taka, na uone kama nguvu imerudi. Usitumie mafuta ya kulegeza kutu wala mafuta ya injini, kwa sababu yanaweza kulainisha na kuvimbisha oringi. Nguvu isiporudi, ipeleke kwa fundi wa mashine za hewa mwenye vipuri vya mashine hiyo. Oringi ya kukisia kwa macho haikai.

Dalili ya pili: ulimi unapasuka, au msumari unazama mno

Presha kubwa ndiyo sababu ya kawaida. Anza na psi 70 au 80 na upande polepole, hadi kichwa cha msumari kikae sawa na kona ya ulimi bila kuivunja. Kila unapobadilisha rundo la mbao rudia jaribio hilo, kwa kuwa mbao za mninga za rundo moja hutofautiana ugumu na za rundo jingine.

Inayofuata ni kiatu cha mashine. Kiatu cha ubao wa milimita 19 kikitumika kwenye ubao wa milimita 14, msumari unaingia mahali pasipo pake. Dalili yake ya hila ni uvimbe mdogo au kishimo usoni mwa ubao, kisichoonekana wakati wa kupiga. Hujitokeza baada ya vanishi, jua la saa kumi linapoingia kwa mshazari kupitia dirishani. Uso ukishaharibika hivyo hakuna njia fupi, kwa hiyo piga mbao tatu tu kwanza, kisha inama na uzitazame kwa taa iliyowekwa sakafuni kabla ya kuendelea na chumba.

Mipasuko iliyo mwishoni mwa ubao peke yake inaonyesha misumari iliyokaribia mno ncha. Acha sentimita 5 hadi 7 kutoka mwisho wa ubao, kisha sentimita 20 hadi 25 kati ya msumari na msumari, na kila ubao, hata kipande kifupi, upate misumari miwili au zaidi. Ulimi uliopasuka usifunikwe na ubao unaofuata kwa matumaini kwamba utakamatwa, maana hapo ndipo mlio wa kesho unapoanzia. Ng'oa ubao, kata sehemu mbovu, tumia kilichobaki.

Dalili ya tatu: mashine inapiga lakini msumari hautoki, au unakwama

Chomoa mpira kwanza. Kisha angalia kama misumari iliyomo ni ya geji na umbo la mashine hiyo, kwa sababu misumari ya L na ya T haibadilishani katika kila mashine, na pakiti zinazouzwa kwa rejareja bila lebo huleta mchanganyiko. Angalia reli ya misumari: vumbi la randa likichanganyika na mafuta hugeuka utando unaonata na kuzuia misumari kuteleza. Isafishe kwa kitambaa kikavu na usiipake mafuta. Mafuta yanaingia kwenye tundu la hewa, si kwenye reli.

Ikiwa inakwama kila baada ya misumari michache, tazama ncha ya chuma cha kusukuma kwa tochi. Ikiwa imeviringana au ina pembe iliyovunjika, chuma kibadilishwe. Kukinoa kwa tupa kunakifupisha, na msumari utaanza kubaki juu, yaani utakuwa umehamia dalili ya kwanza.

Mashine inayopiga yenyewe bila kugongwa, au inayopiga mara mbili kwa pigo moja, isitumike tena siku hiyo. Hilo ni tatizo la valvu ya ndani na si la kutatuliwa eneo la kazi. Vivyo hivyo kwa mashine yenye ufa kwenye mwili wake.

Dalili ya nne: hewa inavuja

Mahali panapovuja ndipo penye jibu. Paka maji ya sabuni na utazame mapovu. Kwenye kiungo cha mpira, tatizo ni nyuzi zilizolegea, na tepu nyeupe ya mafundi bomba inatosha. Mashine inayovuja ikiwa imetulia ina oringi mbovu ya valvu. Inayovuja wakati wa kupiga tu huenda ina oringi ya pistoni iliyolika. Katika miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, asubuhi zikiwa baridi, mashine iliyolala kwenye gari inaweza kuvuja kidogo hadi oringi zake zipate joto, na uvujaji wa namna hiyo unaotoweka baada ya mapigo machache hauhitaji fundi.

Maji yanayotoka pamoja na hewa ni jambo zito zaidi. Tangi la kompresa hukusanya maji, na maji yanakula chuma kwa ndani. Fungua koki ya chini kila jioni uyamwage. Tangi lenye kutu inayobanduka, linalotoa jasho kwenye mshono, au ambalo valvu yake ya usalama imezibwa kwa kuchomelewa au kwa bolti, lisitiwe hewa tena kwa namna yoyote. Usilichomelee. Tangi lililopasuka kwa presha huua.

Dalili ya tano: kompresa inaguna bila kuzunguka, au inaangusha breka

Sababu kubwa ni umeme mdogo unaofika kwenye mota, na mara nyingi upungufu huo hutengenezwa na fundi mwenyewe kwa waya wa ekstensheni mrefu na mwembamba. Mota ya hp 2 inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake inapoanza kuzunguka. Iweke kompresa karibu na soketi, tumia waya wa milimita za mraba 2.5 ikiwa ni lazima kurefusha, ukunjue wote kutoka kwenye kibiringita chake, na urefu uliobaki uutafute kwenye mpira wa hewa. Mpira mrefu wenye tundu la kutosha hauna hasara kubwa. Waya mrefu unaunguza mota.

Sababu ya pili ni tangi kuwa na presha iliyobanwa juu ya pistoni. Zima, subiri usikie ule mpumuo mfupi wa hewa inayoachiwa, kisha washa. Usiposikika, valvu ya kuachia hewa ina kasoro. Ya tatu ni kapasita, kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, na hapo muite fundi umeme, kwa sababu kapasita hubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Wanaotumia jenereta wakumbuke kwamba nayo hupoteza nguvu juu ya mlima. Jenereta ya petroli inayotoa nguvu kamili usawa wa bahari hupungukiwa kwa asilimia 15 hivi katika kimo cha Arusha. Moshi mjini, kwenye mita 800 hadi 900, hasara ni ndogo, lakini ukipanda Machame au Marangu hesabu inabadilika. Kompresa au mashine iliyoletwa kutoka Marekani na kuandikwa volti 120 isichomekwe moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230. Harufu ya kuungua, plagi iliyoyeyuka au soketi ya moto ni amri ya kuacha.

Dalili ya sita: sakafu inalia

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na hapa ndipo mashine hulaumiwa bila haki. Ubao unalia unaposugua msumari wake au ubao mwenzake, na unasugua kwa sababu kitu kimeachia.

Katika mji wa nyumba za zege, sakafu zisizolazwa juu ya plaiwudi mara nyingi hulala juu ya mbao za inchi 2 kwa 2 zilizofungwa kwenye zege. Mbao hizo za kulalia mara nyingi ni za msindano au saipresi kutoka mashamba ya miti ya Meru-Usa, Kilimanjaro Magharibi au Rongai, zilizotiwa dawa ya mchwa na kufika eneo la kazi zikiwa bado na maji ya dawa hiyo. Msumari uliopigwa kwenye mbao mbichi unashikwa vizuri siku hiyo. Mbao inapokauka inasinyaa, inauachia msumari, na inashuka kidogo chini ya ubao wa juu. Januari ikifika, na joto lake, kila hatua inatoa sauti.

Kipimo cha kwanza ni kipima unyevu, na kila anayechukua fedha za watu kwa kazi hii anapaswa kuwa nacho. Mbao za sakafu zenye upana chini ya sentimita 7.5 zisitofautiane na mbao za chini kwa zaidi ya asilimia 4 za unyevu. Zenye upana huo au zaidi, asilimia 2. Asiye na kipima anaweza kutumia jiko la ovena na mizani ya jikoni. Kata kipande katikati ya ubao, si mwishoni ambako hukauka haraka, kipime, kikaushe kwa nyuzi joto 100 hadi 105 huku ukikipima kila baada ya saa chache hadi uzito usishuke tena. Kipande kilichokuwa gramu 230 kikaishia 200 kimepoteza 30. Gawa 30 kwa 200 na unyevu ulikuwa asilimia 15.

Namba hiyo isomwe pamoja na mahali. Mbao hutulia karibu na asilimia 9 palipo na hewa yenye unyevu wa asilimia 50, na karibu na 16 hewa ikiwa na asilimia 80. Ubao uliokaushwa na kuhifadhiwa Moshi mjini hauko tayari kupigwa siku unaposhushwa Kibosho au Ngaramtoni kwenye ukungu wa Julai. Upange ndani ya nyumba yenyewe, madirisha yakiwa yamekwisha kuwekwa, na vijiti kati ya safu na safu ili hewa ipite, hadi vipimo viwili vya siku tofauti vikubaliane.

Sababu nyingine za mlio, kwa mpangilio: misumari michache au iliyobaki juu; mbao za kulalia zilizoachana mno, kwani ubao wa milimita 19 unaopigwa moja kwa moja juu yake unazihitaji kila sentimita 25 hadi 30; na zege lenye mabonde ambayo hayakujazwa. Mlio wa mahali pamoja hutibika kwa skrubu nyembamba iliyopigwa kutoka juu, kichwa kikafunikwa kwa kiziba cha mbao ileile. Mlio wa chumba kizima hautibiki hivyo. Fungua safu mbili na uangalie chini kabla ya kumuahidi mteja chochote. Kabla ya kupiga skrubu au msumari wa ziada, ulizia nyaya na mabomba ya maji yamepita wapi, na pale usipopata jibu la uhakika usitoboe.

Dalili ya saba: nyufa kati ya mbao, au mbao zilizoinuka kingo

Nyufa za kiangazi zinazofunga masika ni mwendo wa kawaida wa mbao. Ubao wa milimita 90 unaopoteza asilimia 6 za unyevu unaweza kusinyaa kwa zaidi ya milimita moja, na hakuna msumari unaozuia hilo. Kwa hiyo usijaze nyufa hizo Februari, maana kijazio kitabanwa mvua zikirudi.

Kingo zilizoinuka, ubao ukawa kama sinia, zinaonyesha maji kutoka chini. Bandika kipande cha nailoni cha sentimita 60 kwa 60 juu ya zege lililo wazi, ukizibe kingo zote kwa tepu, na ukifunue baada ya siku moja. Matone au zege lililogeuka jeusi ni dalili ya unyevu unaopanda. Zege jipya linahitaji karibu mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, hivyo la sentimita 10 si la kufunikwa kabla ya miezi minne, hata kama fundi wa rangi ameshamaliza. Usikwangue kingo hizo kwa mashine ya msasa wakati ubao una maji, kwa sababu ukikauka utabonyea upande wa pili.

Sakafu nzima ikiinuka katikati na kuachana na zege, angalia kama mbao zimegusa ukuta. Nafasi ya milimita 19 inatakiwa pande zote, chini ya skatingi. Ikikosekana, kata ubao wa ukutani uipate, kisha subiri sakafu ishuke yenyewe kabla ya kupiga msumari mwingine. Unyevu unaoendelea baada ya bomba kukaguliwa na mifereji ya nje kusafishwa ni kazi ya mhandisi wa ujenzi, na mbao zisirudishwe hadi amemaliza.

Msumari ukiingia mwilini

Usiung'oe ukiwa umezama kwenye kiganja, goti au karibu na kiungo. Ufunge usitikisike, na mpeleke majeruhi hospitali, iwe KCMC mjini Moshi au Mount Meru jijini Arusha au kituo kilicho karibu zaidi. Chukua msumari wa aina ileile uende nao ili daktari aone urefu na meno yake, kwa kuwa misumari ya sakafu ina meno yanayochana nyama inapovutwa kinyume. Hata jeraha dogo linahitaji chanjo ya pepopunda ikiwa majeruhi hakumbuki ya mwisho aliipata lini.